Maksai hajifunzi fimbo inapotua, hujifunza inapokoma

Septemba na Oktoba, kabla mvua za Novemba hazijafika, ndiyo miezi ya kufundisha maksai wapya katika vijiji vya Tabora, toka Nzega na Igunga hadi Urambo, Kaliua na Sikonge. Ndiyo miezi pia ambayo utasikia hukumu zile zile kila shamba: huyu mkaidi, yule wa madoa mvivu, ameshindikana, auzwe. Muulize mwenye ng'ombe huyo mvivu anafanya nini hasa. Atajibu: "Analala." Wapi? "Pale plau inapozama." Halafu? "Halafu tunamfungua, tutafanyaje?"

Jibu liko hapo hapo. Maksai alivuta kitu kizito, akalala, uzito ukaondoka. Kesho yake akalala mapema zaidi. Hakuna uvivu hapo. Kuna mwanafunzi aliyefundishwa kulala, na mwalimu asiyejua kwamba alikuwa anafundisha.

Mwongozo huu unaeleza kanuni za msingi za uchambuzi wa tabia kwa mfano wa maksai, kwa sababu ng'ombe hana adabu ya kujifanya ameelewa. Kanuni ni hizo hizo kwa mbwa wa kulinda mifugo, kwa mtoto wa miaka 4, na kwa huyo anayeshika kamba.

Andika alichofanya, si alivyo

"Mkaidi" si tabia. Tabia ni kitu unachokiona kikianza na kikiisha, ukaweza kukihesabu: anarudi nyuma hatua 3, anageuza shingo kushoto, anapiga teke, analala. Kuna kipimo chepesi cha kujua kama umeandika tabia kweli: jambo ambalo hata maiti analiweza, si tabia. "Asikimbie" haifai, maiti hakimbii. Andika kitendo: "Akiambiwa simama, anasimama ndani ya sekunde 3, anabaki hapo dakika 1 nira ikiwa shingoni." Hilo unaweza kulifundisha, na siku ukilipata utajua umelipata.

Kila tukio la tabia lina vipande vitatu: kitangulizi, yaani kilichokuwepo kabla, kitendo chenyewe, na matokeo, yaani kilichofuata. Chukua daftari la shule, chora safu nne: saa, kitangulizi, kitendo, kilichofuata mara moja. "Mara moja" maana yake sekunde 1 au 2. Pumba unazompa jioni zizini si matokeo ya kazi ya asubuhi. Kwa ng'ombe, pumba hizo ni malipo ya kuingia zizini.

Kwa siku 3 hadi 5 andika tu, usibadilishe lolote. Hatua hii ndiyo watu huiruka kwa kuwa msimu unawabana, na ndiyo inayowafanya wiki ya tatu wabishane kama mnyama ameendelea au la. Tuseme Jumatatu alilala mara 6 katika nusu saa, Jumanne mara 5, Jumatano mara 7. Baada ya wiki moja ya mafunzo analala mara 2. Hapo hakuna ubishi. Anayetegemea kumbukumbu hukumbuka siku mbaya peke yake.

Si kila kitu hupimwa kwa idadi. Kusimama kupime kwa muda anaodumu amesimama. Utii wa neno upime kwa sekunde zinazopita kati ya neno na kitendo. Hata simu ya kitochi ina saa ya kuhesabu sekunde, na kama haina, hesabu kimoyomoyo kwa mwendo ule ule kila siku.

Kengele ya Pavlov na debe la pumba

Kujifunza kwa aina ya kwanza hakuhitaji mnyama afanye lolote. Ivan Pavlov, mtaalamu wa fiziolojia wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo wa chakula, aliona mbwa wake wakitoa mate kabla chakula hakijafika mdomoni. Akatanguliza ishara ambayo haikuwa na maana yoyote kwa mbwa, mfano mlio wa kipima-mapigo cha muziki, kisha akaleta chakula. Baada ya kurudia, mlio peke yake ukatosha kuleta mate.

Zizini jambo hili hutokea kila siku. Gonga debe la pumba uone. Na hutokea pia kwa upande mbaya: ng'ombe aliyechomwa sindano kwenye kibanio anaanza kutetemeka akikiona kibanio tu, hata siku ambayo hakuna sindano. Hajaamua kutetemeka. Kumpiga kwa sababu anatetemeka kunaongeza sababu ya kutetemeka.

Ili uhusisho huu ushike, mpangilio ni muhimu kuliko wingi. Ishara itangulie, kitu kifuate ndani ya sekunde moja hivi. Ukitoa pumba kwanza kisha ukagonga debe, unapoteza muda wako. Na ishara ikija mara nyingi bila kitu kufuata, hufifia: debe tupu likigongwa kila siku kwa utani wa watoto, baada ya muda hakuna ng'ombe atakayeinua kichwa.

Hofu huondolewa kwa njia hiyo hiyo ya kuhusisha. Maksai anayeruka akisikia mnyororo asiburuzwe hadi kwenye mnyororo. Mtu mmoja atikise mnyororo mita 20 mbali, kwa sauti ndogo. Mwingine ampe kiganja cha pumba zenye chumvi. Tikisa, pumba. Tikisa, pumba. Akiendelea kutafuna bila kuinua masikio, sogea hadi mita 15. Akiacha kula, umesogea haraka; rudi nyuma. Mambo mawili huharibu zoezi hili: kusogea kwa kufuata saa badala ya kumfuata mnyama, na kuleta pumba kabla ya mlio. Ukileta pumba kwanza, pumba zenyewe zinakuwa onyo kwamba mnyororo unakuja, na utapata maksai anayezikimbia pumba.

Matokeo manne, majina mawili yanayochanganya

Aina ya pili ya kujifunza ndiyo inayobeba kazi nzima ya kulima. Mwaka 1898 Edward Thorndike, Mmarekani, alichapisha majaribio yake ya paka waliofungiwa kwenye masanduku yenye komeo, chakula kikiwa nje. Mwanzoni paka alikwaruza kila mahali mpaka kwa bahati akagusa komeo. Kadiri alivyorudishwa sandukuni, muda wa kutoka ulipungua. Kitendo kilichofuatiwa na kitu chema kilibaki, vingine vikaanguka. B. F. Skinner, kuanzia miaka ya 1930, akaichambua kanuni hiyo kwa panya na njiwa, akihesabu kila kitendo.

Matokeo yanayofanya kitendo kiongezeke huitwa uimarishaji. Yanayofanya kipungue huitwa adhabu. Kila kimoja kina namna mbili, na hapa ndipo wengi hujikwaa: "chanya" maana yake umeongeza kitu, "hasi" maana yake umeondoa kitu. Si wema na ubaya. Ng'ombe amepiga hatua, ukampa pumba: uimarishaji chanya. Ng'ombe amepiga hatua, kamba iliyokuwa imekazwa ikalegea: uimarishaji hasi. Amerudi nyuma, akachapwa: adhabu chanya. Amemsukuma mwenzake, debe likaondolewa: adhabu hasi.

Uimarishaji hasi ndio mkate wa kila siku wa anayefundisha maksai, na watu huuita adhabu kwa makosa. Kamba inayokazwa haimfundishi ng'ombe kutembea. Inampa tu sababu ya kujaribu kitu. Somo liko pale kamba inapolegea. Akipiga hatua nawe ukaendelea kuvuta, umemwambia kwamba hatua ile haikuwa jibu. Ndiyo maana kichwa cha mwongozo huu kinasema hujifunza fimbo inapokoma. Mkono mzuri wa mfundishaji ni ule unaoacha upesi.

Na usihukumu matokeo kwa nia yako. Uimarishaji hutambuliwa kwa kitendo kuongezeka, basi. Kama unamsemesha ng'ombe kwa ukali kila anaponguruma na ananguruma zaidi, ukali wako unamwimarisha, hata kama wewe unauona karipio.

Tengeneza sauti ya alama

Pumba hazifiki mdomoni ndani ya sekunde moja, hasa mnyama akiwa hatua 5 mbele yako. Tiba ni sauti fupi inayosema "hicho hicho, malipo yanakuja". Tanzania ina mfano wake mkubwa: shirika la APOPO, lenye kituo cha mafunzo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Panya mchanga kwanza hufundishwa kwamba mlio wa kibonyezo maana yake ni chakula kitamu. Baadaye mlio huo hulia pale tu anapotambua harufu inayotakiwa. Magawa, panya aliyezaliwa huko Morogoro, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu ya PDSA, taasisi ya Uingereza ya tiba za wanyama.

Kwa maksai tumia ulimi wako: mlio mmoja mkavu, usiofanana na sauti unazotumia kuswaga ng'ombe. Mfunge mahali tulivu. Lia, na ndani ya sekunde moja mpe kiganja kidogo cha pumba. Rudia mara 20, pumzika, rudia mara 20 nyingine jioni. Jaribio: subiri aangalie pembeni, kisha lia. Akigeuza kichwa kutafuta mkono wako, sauti imepata thamani. Tangu hapo usilie bila kulipa. Anayelia ovyo ili "kumtia moyo" anafanya kazi ile ile ya watoto na debe tupu.

Malipo yawe madogo, yanayomezwa upesi: pumba za mahindi zilizochanganywa na chumvi kidogo, au mashudu ya alizeti. Kuna na malipo yasiyo na gharama: kumkuna chini ya shingo. Ng'ombe wengi hunyoosha shingo wakikunwa hapo, na asiyenyoosha usimlazimishe. Kwake hayo si malipo. Fundisha asubuhi kabla hajaenda malishoni. Pumba kwa ng'ombe aliyeshiba hazina bei. Lakini usimlaze njaa ili azitamani. Mnyama mwenye njaa kali huwaza mkono wako, hawazi kazi.

Kazi yenyewe: wiki 4 hadi 6

Chagua wawili wa miaka 2 hadi 3, waliohasiwa na kupona, wenye kimo kinacholingana. Amua mapema nani atakaa kulia na nani kushoto, usiwabadilishe. Vipindi viwe vifupi, dakika 20 asubuhi na 20 jioni mwanzoni, siku 5 au 6 kwa wiki. Kipindi cha saa 2 hakikupi somo mara sita. Kinakupa saa moja na nusu ya kuimarisha makosa ya mnyama aliyechoka.

Anza na kamba. Simama ubavuni, si nyuma: ng'ombe huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake moja kwa moja, na asichokiona hukipiga teke. Bega lake ni mizani. Ukisimama nyuma kidogo ya bega, huelekea kusonga mbele; ukisogea mbele ya bega, husita au kurudi. Kaza kamba kwa uzito mdogo usiobadilika, ushikilie. Usivute kwa kukatua-katua. Mguu mmoja ukinyanyuka kwenda mbele, hata nusu hatua, legeza papo hapo, lia, lipa. Mara 10 hadi 15 kwa kipindi zinatosha.

Hapa ndipo inapoingia kanuni ya kuumba tabia kidogo kidogo. Hudai hatua 10 siku ya kwanza. Unalipa nusu hatua. Ikizoeleka, unailipa hatua nzima na nusu hatua hailipwi tena. Kisha mbili, kisha nne. Swali la lini kupanda ngazi lina jibu la hesabu: akifaulu mara 8 kati ya 10, panda. Akishuka chini ya 5 kati ya 10, rudi ngazi moja. Kati ya hapo, kaa palipo. Wafundishaji wengi wakali hawana roho mbaya. Wamepanda ngazi tatu kwa mpigo, wakamkuta mwanafunzi hayupo.

Maneno yaingie wakati huu, sio kabla. Maneno manne yanatosha: la kwenda, la kusimama, la kulia na la kushoto. Tumia Kinyamwezi, Kisukuma au Kiswahili, ng'ombe hana upendeleo, ila maneno yasifanane kwa sauti, na kila anayeshika kamba atumie hayo hayo. Neno litangulie, pita sekunde moja, ndipo kamba ikazwe. Ukisema na kuvuta kwa pamoja, mvuto utalifunika neno na hatalisikia kamwe. Kamba ina nguvu kuliko sauti. Baada ya siku chache utaona mguu unanyanyuka katikati ya ile sekunde moja, kamba haijagusa. Hapo neno limekuwa ishara: linamwambia kwamba kitendo hiki, sasa hivi, kitalipwa. Lia na ulipe zaidi ya kawaida.

Wiki ya pili ni ya nira. Kwanza iwe kitu kinacholala karibu na debe wakati wa kula, kisha iguse shingo sekunde 5, kisha ikae dakika moja bila kufungwa. Ikague kwa kiganja: palipo na kingo kali au kifundo cha mti patakuwa na kidonda, na kidonda kitamfundisha kuikimbia nira kwa kanuni zile zile za Pavlov, haraka kuliko pumba zako zote. Wakishaivaa pamoja, watembeze bila mzigo. Wanaposhindana kwenda, usimlipe aliyetangulia. Lipa pale mabega yanapokwenda sawa.

Wiki ya tatu funga gogo la kilo 20 hadi 30 kwa mnyororo wa mita 3 hivi. Kabla ya kulifunga kwenye nira, mtu aliburuze ubavuni mwao, ule mkwaruzo wauzoee. Hatua 5, simama, lipa. Ongeza umbali kwanza, uzito baadaye. Usiongeze vyote viwili siku moja. Kama kipimo cha ukomo, ng'ombe huvuta kwa saa kadhaa bila kuumia nguvu ya takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Maksai wetu wa kienyeji wa kilo 250 si trekta, na ndiyo sababu udongo mgumu hulimwa kwa maksai 4.

Plau ije mwisho, kwenye ardhi iliyokwisha kulegea, ikizama kidogo. Na usitegemee kwamba kilichojulikana zizini kitajulikana shambani. Kwa ng'ombe, "simama" iliyofundishwa chini ya mwembe ni somo la chini ya mwembe. Rudia maneno yote manne bila mzigo sehemu tatu au nne tofauti: njiani, kandokando ya shamba la jirani, karibu na watu wanaopita. Kila sehemu mpya anza ngazi moja chini.

Anayelala

Turudi kwa yule wa madoa. Kabla ya kanuni yoyote, mkague. Tabora ina mapori ya miombo yenye mbung'o, na ng'ombe mwenye nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o hao, huchoka, hukonda na hulala kwa sababu anaumwa. Tazama utando wa ndani wa kope kama umepauka, pima joto, tazama mabega kama yana vidonda, tazama kwato. Mwenye dalili hizo anahitaji mtaalamu wa mifugo, si mafunzo.

Akiwa mzima, daftari litakuambia analala lini. Mara nyingi ni baada ya idadi fulani ya hatua, tuseme 15. Basi kesho mwombe hatua 8, umsimamishe mwenyewe, umwondolee mzigo akiwa amesimama. Nafuu ile ile iliyokuwa inamlipa kwa kulala sasa inamlipa kwa kutembea na kusimama kwa amri. Siku inayofuata hatua 10. Hujamnyima anachokitaka, umebadilisha njia ya kukipata.

Akikuwahi akalala, usimpige na usimfungue nira. Usiufungue hata mnyororo, subiri kimya. Usimsemeshe, usimkune. Akisimama mwenyewe, fungua mnyororo, tembea naye hatua 10 bila mzigo, simamisha, lia, lipa, ndipo ufungue nira. Hilo ndilo liwe tendo la mwisho la kipindi.

Jiandae, mambo yanaweza kuwa mabaya kwanza. Kitendo kilichozoea kulipwa kikikosa malipo huenda kisizimike kimya kimya. Huweza kulipuka kabla ya kufifia. Siku za mwanzo huenda akalala mara nyingi zaidi, akanguruma, pengine akalalia ubavu kabisa. Ukimfungua siku hiyo, umemfundisha kwamba kulala kwa kawaida hakutoshi, kulala kwa kishindo ndiko kunakolipa. Kwa hiyo usianze zoezi hili wiki ambayo huna budi kumaliza ekari fulani.

Kwa nini fimbo inadanganya

Fimbo hufanya kazi mara moja, na hapo ndipo mtego ulipo. Ng'ombe amechapwa, akasonga. Aliyeimarishwa zaidi ni mchapaji, aliyepata alichotaka ndani ya sekunde moja. Kesho atachapa mapema zaidi. Ni ule mkondo uliomfundisha yule maksai kulala, safari hii ukiwa na miguu miwili.

Adhabu hupunguza kitendo ikiwa inakuja papo hapo na kila mara. Shambani haiji hivyo. Inakuja kwa kuchelewa, mkono ukiwa na hasira, siku nyingine haiji kabisa. Haimwonyeshi mnyama afanye nini badala yake. Na kwa njia ya kuhusisha, hofu hubandikwa kwenye kila kilichokuwepo: nira, mnyororo, shati lako. Fimbo ibaki kama mkono mrefu wa kugusa bega au paja, na mguso ukome mguu unaponyanyuka.

Kulipa kila mara, kisha kwa bahati

Wakati wa kufundisha kitu kipya, lipa kila jibu sahihi. Likishashika, anza kuruka: lipa moja kati ya mawili, kisha moja kati ya matatu bila mpangilio anaoweza kuukisia. Kitendo kinacholipwa kwa namna hiyo hudumu muda mrefu hata malipo yakikatika. Vijana wanaokaa na mkeka wa kubeti vibandani wako kwenye ratiba hii hii. Ushindi mdogo usiotabirika unawashika kuliko mshahara. Ila ukiruka ghafla, toka kila jibu hadi moja kati ya kumi, kitendo kitavunjika na utadhani amesahau.

Kwa watoto

Tofauti kubwa na ng'ombe ni kwamba mtoto hupata mengi zaidi ya chakula kutokana na kitendo chake. Anayejirusha chini anaweza kuwa anatafuta kitu, anatafuta macho ya watu, anakwepa kazi, au mwili wenyewe unafurahia kinachotokea. Daftari la safu nne litaonyesha ni kipi. Kilio cha mandazi dukani kikizawadiwa mandazi mara moja kwa wiki kinadumu kuliko kikizawadiwa kila siku. Ndiyo ratiba ya mkeka. Aliyezoea kuyapata kwa kulia afundishwe maneno "Mama, naomba" nyumbani, ambako kuna utulivu, na kwa siku za mwanzo ombi hilo lijibiwe mara zote inapowezekana. Kilio kisijibiwe. Na kama unajua watu wa dukani watakushinda kwa macho yao, usianzie dukani.

Sifa iwe ya kitendo: "Umekunja sare yako vizuri," si "Wewe ni mtoto mzuri." Na salamu ndiyo mfano mwepesi kuliko yote. Mtoto anayesema "Shikamoo" anapokea "Marahaba", uso uliogeuka, pengine swali la shule. Watu wazima wanaopita wakitazama simu bila kuitikia, kisha wakalalamika kwamba watoto wa siku hizi hawaamkii, wanaangalia ufifishaji, yaani kitendo kukatiwa malipo, walioufanya wao.

Kazi yenye hatua nyingi, kama kuvaa sare, inafundishika vizuri kuanzia mwisho. Mvalishe shati, mfunge vifungo vyote, abaki na kimoja cha chini afunge yeye. Kazi imeisha, na aliyeimaliza ni yeye. Kesho viwili. Ukianzia mwanzo, kila siku unamwacha katikati ya kazi isiyoisha.

Baada ya mapumziko

Maksai waliomaliza kulima na kubeba mavuno watakaa miezi bila nira. Siku ya kwanza ya msimu mpya, yule wa madoa huenda akalala tena mara 2 au 3, ingawa mwaka jana aliacha kabisa. Tabia iliyofifishwa hufufuka baada ya mapumziko. Haina maana kwamba mafunzo yamepotea. Rudi kwenye gogo jepesi kwa siku 2 au 3, hatua 8, simama, lipa, kulala kusilipwe. Safari hii kufifia huwa kwa haraka kuliko mara ya kwanza. Tumia daftari lile lile, ukurasa unaofuata, na tarehe juu yake.